Faili la 412 na Kibanda Chenye Jiko

Jumatatu, 3 Februari
Hapa Duluth, kaskazini mwa Marekani, baridi mpaka kope zinagandana. Jumamosi ni mashindano ya kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda, na uandikishaji uko kwenye seva zetu. Bosi, Bi Odegaard, ameahidi kibanda chenye jiko pale ziwani kwa atakayezitunza vizuri zaidi: mimi au Marit. Marit! Anayepanga hata kalamu kwa urefu! Kibanda changu.

Jumanne, 4 Februari
Mbinu imepatikana. Kila badiliko kwenye seva kuu huandikwa kwenye faili, faili hupelekwa ghalani, na seva ya akiba huyasoma moja moja kwa zamu ili ifanane na kuu. Ghala limefurika. Nimefuta mafaili mia mbili. Nafasi tele! Nimejipongeza kwa donati mbili.

Alhamisi, 6 Februari
Balaa. Seva ya akiba imegoma tangu juzi! Inadai faili la 412, mojawapo ya niliyoyafuta kabla haijayasoma. La 413 lipo, la 414 lipo, haitaki hata kuyaonja. Nimelibandika la 413 jina la 412. Imelikataa! Marit akauliza mbona natoka jasho kipupwe hiki. Nikamwambia supu ilikuwa na pilipili.

Ijumaa, 7 Februari
Seva kuu imekufa saa nne asubuhi! Wavuvi mia tisa wamo humo. Bosi akataka ya akiba ishike kazi sasa hivi. Nikamnong'oneza Marit ukweli wote.

"Wewe Verlyn wewe!" akasema. "Hujui huwa nanakili kila faili kwenye diski yangu?"

Akarudisha niliyoyafuta. Seva ikameza la 412, ikameza la 413, kama kuku kwenye mtama, hadi la mwisho lililowahi kufika ghalani. Amekosekana mmoja tu, mzee Halvorsen, aliyejiandikisha dakika moja kabla ya msiba. Tukampigia simu, tukamwandikisha upya. Nikamkumbatia Marit mpaka miwani ikamdondoka!

Jumamosi, 8 Februari
Kibanda kapewa Marit. Kanialika! Tumekula samaki wa kukaanga, tumecheka mpaka mbavu zikauma. Hakunisema kwa bosi. Moyo wa dhahabu.

Ila nimeichungulia diski yake: imejaa pomoni. Maskini dada wa watu! Jumatatu akienda kunywa kahawa, nitamshukuru kimyakimya. Nitamsafishia yote.