Tairi Pana za Kumbeba Mitchel

Jumapili, 10 Agosti 2025

Leo kulikuwa na mkutano wa harusi ya Mitchel, nyumbani kwa kaka yangu Barnaba, Navakholo. Sikwenda. Nilijua watakachosema. Watasema Shikanga abebe sufuria. Harusi, matanga, vijana kutoka jandoni, miaka yote ni hivyo: Shikanga, sufuria. Gari langu linanuka kitunguu tangu nilinunue.

Bi harusi atabebwa na Osiako, binamu yetu, maana gari lake ni jeusi na linang'aa. Sijaambiwa hivyo, lakini sina haja ya kuambiwa. Osiako huoshanga gari hata mvua ikinyesha.

Mitchel ni binti ya Barnaba, lakini aliyemfundisha baiskeli ni mimi. Alikuwa mdogo bado, pengo mdomoni. Nikamwambia siku ya harusi yako nitakuendesha mimi. Akasema sawa, baba mdogo. Basi safari hii sibebi sufuria. Wabebe wenyewe, kichwani wakitaka.

Jioni nimelitazama gari kutoka nyuma nikajua ugonjwa wake. Tairi nyembamba. Gari zima limevaa patipati za bafuni!

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Weldon, muuza tairi hapa Kakamega mjini. Tairi zangu zimeandikwa 175. Nikamwambia nataka 215, kwenye rimu zile zile zilizokuja na gari. Kununua rimu mpya ni maringo. Weldon ni mfanyabiashara mzuri, hakubishana. Nikamuuliza kama zitaingia. Akasema hajawahi kuona tairi iliyokataa kuingia. Nikamuuliza kama zitakwaruza bodi. Akasema zikikwaruza zitajipunguza zenyewe. Mtu anayeijua kazi yake.

Zile za zamani alizichukua kupunguza bei, na kabla sijatoka mtu wa Shianda alikuwa ameshazinunua. Sijali. Mimi na wembamba tumeachana.

Tairi zimefura nje ya rimu kama shavu la mtu anayetafuna muwa. Wakati wa kurudi nimepita mbele ya duka la Osiako, nikageuka, nikapita tena. Hakutazama. Alijifanya anapanga misumari.

Kuna kitu kimoja kidogo. Kulia gari linapinda vizuri. Kushoto, tairi inakamata fenda, upande ule niliogonga nguzo ya lango la Barnaba mwaka jana. Linalia kriii, halafu linakataa. Nitalizoea.

Jumanne, 12 Agosti

Mke wangu Gentrix ameuliza kwa nini tangu jana narudi nyumbani nikitokea upande wa hospitali. Nimemwambia nalitembeza gari. Ukweli ni kwamba ukitoka mjini lango letu liko kushoto. Inabidi nipite, nizunguke mtaa mzima, nirudi kutoka juu, lango liwe kulia.

Nimeamua kuukunja ukingo wa fenda kwa ndani. Mafundi hutumia mti mgumu. Unauingiza kati ya tairi na fenda, unalisukuma gari mbele na nyuma, bati linalala. Nyumbani kwetu mti mgumu ni mmoja tu, mwiko wa Gentrix wa kusongea obusuma, ugali wetu. Nikasukuma. Nikasikia kitu kimekubali, nikashangilia. Kilichokubali kilikuwa mwiko.

Chakula cha jioni: obusuma uliosongwa kwa kipande kilichobaki. Mabonge matupu. Gentrix alikaa tu akinitazama nikimeza. Nilimeza yote. Msamaha sikuomba, kwa sababu mwiko wenyewe ulikuwa umezeeka.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya.

Dada yangu Navalayo amekuja kulikagua gari. Yeye ndiye senje wa Mitchel, shangazi yake, na kwetu bi harusi hatoki kwao bila senje kando yake garini. Gari ambalo senje hapandi, bi harusi naye hapandi. Na Navalayo si mwembamba, hilo linajulikana.

Nikamuuliza senje anatafuta nini kwenye gari la sufuria. Akanishangaa. Kumbe Jumapili, pale mkutanoni, Mitchel alisimama mbele ya wazee akasema atabebwa na baba mdogo Shikanga, na gari lake hilo hilo la zamani, kwa sababu waliahidiana. Hakuna aliyepinga. Osiako mwenyewe alipiga makofi.

Nilikaa chini kidogo.

Halafu Navalayo akapanda kiti cha nyuma. Gari likashuka, bodi ikakalia tairi. Hata mashine ya kusagia posho hapo jirani hatukuifikia. Harufu ya mpira ikajaa, kisha moshi. Akashuka, akavua viatu, akarudi kwa miguu. Alisema hawezi kumpeleka mtoto wa watu kanisani ananuka kama jalala linaloungua. Akampigia Osiako simu pale pale barabarani, nikisikia.

Kwa hiyo mimi ni sufuria. Nafasi ilikuwa yangu tangu mwanzo, nikaenda kuitafutia tairi. Imeniuma, siwezi kudanganya. Lakini tairi hazina kosa. Navalayo angeweza kuja kabla ya kula.

Jumamosi, 16 Agosti

Mvua ilinyesha usiku kucha na matrekta ya miwa yalikuwa yamechimba barabara yote. Osiako mbele, na Mitchel na Navalayo. Mimi mkiani, Gentrix kando yangu, sufuria za chakula nyuma. Kabla ya kufika lami, Osiako akazama mpaka tumbo la gari likalala kwenye tope. Lile jeusi lote likawa rangi ya uji.

Kando kulikuwa na vijana wanakata miwa. Nikawaambia wanisukume nimpite, wakimaliza wajichukulie kitu kwenye sufuria. Walisukuma kidogo. Kila gari husukumwa kidogo. Lakini zilizovuka ni tairi, na hilo naliandika wazi.

Mitchel akafungua mlango wa Osiako, akainua gauni, akaja peku kwenye tope. Mimi sikumwita. Akasema baba mdogo, twende. Nikawasha gari.

Sufuria zikashushwa kwenye nyasi. Gentrix akabaki kuzilinda, na nguo yake mpya. Navalayo nikamkalisha katikati kabisa ya kiti ili uzito ugawanyike. Tulinuka mpira, tukatoa moshi, lakini tulienda.

Kanisa liko kushoto. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo.

Watu walikuwa wamejipanga pande mbili wakiimba, bwana harusi mlangoni na suti. Tukawapita. Mitchel aliwapungia mkono. Waliimba kidogo tena, kisha wakanyamaza. Navalayo akauliza kama tunamtorosha. Nikazunguka soko lote la Navakholo, nikarudi kutoka upande wa pili, kanisa likawa kulia, nikapinda taratibu kama gari la serikali. Mitchel alicheka mpaka wanja ukamwagika. Kabla hajashuka alinishika bega akasema hakutaka kufika na gari lingine lolote.

Shida ni kuku. Sufuria waliyoifungua vijana ilikuwa ya ingokho wa wakwe. Gentrix alijaribu kuwazuia, wakamwambia mwenye gari ameruhusu. Wakabakiza shingo. Kwetu ukimwandalia mkwe bila ingokho umemfukuza kwa adabu. Mzee wao alifunua sufuria, akaona kabichi, akakirudisha kifuniko polepole. Barnaba alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya hema.

Jumapili, 17 Agosti

Barnaba hasemi nami. Gentrix anasema nami bila kupumzika. Wazee wameamua kesho nipeleke kuku hai kwa wakwe, jogoo na matetea, niombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Osiako amejitolea kunibeba ili nifike. Nimekataa. Nina gari.

Baada ya ibada nimelala chini yake nikilichunguza. Tairi zimeliwa kingo zote, nyuzi zinaonekana. Gentrix akainama, akasema bila shaka sasa nimejionea mwenyewe, nirudishe za kawaida.

Nimejionea, ndiyo. Weldon alisema kweli, zimejipunguza zenyewe. Nimekata usukani kushoto mpaka mwisho na hazigusi popote. Kati ya tairi na fenda kidole kinapita, na kingine juu yake. Nafasi yote hiyo inakaa bure.

Kesho asubuhi napitia kwa Weldon kuulizia 225. Kuku watanisubiri garini.