Kamati ya Utabiri wa Usahaulifu

Namhimidi Mola, aliyewagawia waja Wake akili pasi kuunda kamati. Baada ya hayo, natangaza kwa fahari kwamba Idara yetu ndiyo ya kwanza kumstaafisha mtumishi kwa mambo ambayo bado hajayasahau.

Nitaje watu kwa daraja zao. Mbele ni Mkurugenzi, mwenyekiti wa Kamati. Anafuata Daktari wa neva, kisha mimi, katibu. Mwisho ni karani wa masijala, mama wa watoto wawili, aliyegunduliwa majuzi kuwa na sklerosisi, maradhi yanayobambua ganda la neva za ubongo na huweza baadaye kuleta usahaulifu. Maradhi yake bado ni machanga.

Waraka wetu uliagiza: mtumishi yeyote ambaye protini ya neva katika damu yake itazidi kiwango, ahesabiwe amekwisha kusahau, na astaafishwe.

"Protini hiyo huvuja neva zikiumia," alisema Daktari. "Kwa wagonjwa elfu inatupa fununu. Kwa mtu mmoja, huenda tu."

"Fomu haina kisanduku cha huenda," alijibu Mkurugenzi, akamgeukia karani. "Mama, umeshasahau nini?"

"Bado sijasahau kitu, bosi."

"Unaona? Hata alichosahau hakikumbuki!"

Nikaandika.

"Jamani, mnanifukuza kwa kosa la mwaka kesho?" karani alilia. "Wanangu wale nini?"

Daktari akasema kipimo hakina maana bila damu ya watu wazima wa afya ya kulinganishia.

"Wazima si ndio sisi?" Mkurugenzi alikunja mkono wa shati. Tukatolewa damu sote, karani naye, kwa heshima zote.

Wiki ya pili Daktari alisoma majibu. Karani: chini ya kiwango. Mkurugenzi: maradufu.

"Mimi siumwi!"

"Umri nao huipandisha, mzee wangu. Pengine si kitu."

"Basi nisamehewe! Nani kaandika upuuzi huu wa mtumishi yeyote?"

"Wewe, bosi," karani alisema kwa upole. "Ukatia na sahihi."

"Lini?"

Nikaandika na hilo, kwa hati nzuri.

Karani mwenyewe ndiye aliyechapa barua ya kumstaafisha Mkurugenzi, bila kosa hata moja. Majibu yangu sijayaulizia.

Ewe Mola, wahifadhi waliobaki kazini: mkumbushe asahauye, mponye auguaye, na mnyime kalamu atabiriye. Amin.