Kwa Waliozaliwa Katika Nyumba ya Baba Yangu Bila Ruhusa

Leopold Kaijage,
Pasiansi, Mwanza.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Kufa na Kuzikana cha Watu wa Kashangabwe Waishio Mwanza.

Ndugu Projest Rwekaza,

Nakuandikia nikiwa hai, jambo ambalo, kama utakavyoona hapa chini, siku hizi linahitaji uthibitisho.

Unaifahamu tovuti yangu, aliyonitengenezea mjukuu wangu Sharon ili watu wetu, waliotawanyika tangu vita ya mwaka sabini na nane, waone nyumbani palivyokuwa. Unaifahamu pia picha yake ya kwanza: nyumba ya baba yangu, kahawa imeanikwa uani, baiskeli imeegemezwa ukutani, migomba upande wa kulia. Picha hiyo inaibwa, na wanaoiiba ni wanachama wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa tatu tulimzika dada Sabina, mwanakijiji mwenzetu, Igoma. Nilipofungua kijitabu cha mazishi nikaiona nyumba ya baba juu ya wasifu, na chini yake maneno haya: "Hapa ndipo alipozaliwa mama yetu mpendwa." Nilikwenda kuaga mwili nikiwa na huzuni, nilirudi kwenye kiti nikiwa na kesi.

2. Mwezi uliofuata ilikuwa sendofu ya binti yako mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, kule Buswelu. Picha ilikuwa kubwa kama mlango wa gereji. Ulishika kipaza sauti ukaonyesha dirisha la kushoto: "Pale ndipo nilipolala mpaka darasa la saba!" Wakapiga vigelegele. Dirisha lile ni la chumba cha mama yangu. Sikumbuki kukukuta humo.

3. Nikaenda kwa Bwana Natvarlal, anayechapisha vijitabu na mabango yetu. Alinipokea kwa furaha. "Mzee Kaijage, nyumba hii nimeichapa mara saba mwaka huu. Ukoo wenu mkubwa, bwana!" Nimepiga hesabu ya majina yote yaliyomo humo. Katika vyumba viwili wamezaliwa watu thelathini na mmoja, wa koo nne, Wakatoliki kwa Walutheri, wawili kati yao siku moja. Baba alikuwa mkarimu, lakini si kiasi hicho.

4. Usiseme sikujilinda. Sharon aliizuia picha isinakiliwe; wakaipiga picha kwenye kioo cha simu. Akaandika jina langu kwa herufi kubwa kukatiza paa. Wiki iliyofuata familia ya marehemu Obedi ikaichapa hivyo hivyo juu ya ratiba ya mazishi, na ratiba ikasambazwa kwenye simu. Shemeji yangu wa Muleba alikuwa ameshapanda basi. Mweka hazina wako alinipigia, nikapokea mwenyewe, akasema: "Shikamoo mzee. Naomba nizungumze na mwenye msiba."

5. Sasa picha imefungwa kwa neno la siri. "Babu, hata mimi niliyeifunga siwezi kuingia," Sharon ameniambia kwa fahari. Neno hilo ninalijua mimi peke yangu, na nimelisahau.

Najua utajibu kwamba tulivuka mto na nguo za mwilini, na hakuna aliyekumbuka kubeba picha. Ni kweli, hakuna. Hilo si kosa langu. Asiye na picha ya kwao azikwe bila nyumba.

Kwa hiyo naomba katiba ya chama irekebishwe. Mtu yeyote asizaliwe katika nyumba ya baba yangu bila kibali changu cha maandishi. Waliokwisha kuzaliwa humo watafutiwe pengine ndani ya siku thelathini. Katibu akague kila kijitabu kabla mwili haujatoka hospitali, na familia itakayokaidi isizikiwe na chama mpaka ieleze, bila kunong'onezana, mlango wa jikoni ulielekea wapi.

Nisalimie mkeo, bibi harusi, wanakwaya wa Igoma, na wale wote thelathini na mmoja, ambao kwa sasa sina budi kuwaita ndugu zangu.

Wako katika kuzikana,
Leopold Kaijage (hai)

Nyongeza: Mke wangu Specioza ameisoma barua hii kabla sijaituma, akaniuliza, "Na ile siku ya kahawa kwa Sabina, mbona hukuiandika?" Naiandika. Picha hii ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa marehemu Sabina; mama yake alivuka nayo mto ndani ya kanga. Niliipiga kwa simu yangu ya zamani Sabina alipokwenda jikoni kuchemsha kahawa. Alirudi akanikuta simu ingali mkononi. Hakukasirika. "Chukua tu, Leopold," alisema. "Na kwenu ni hapo hapo. Migomba ndiyo imepaficha."

Kwa kuwa siwezi tena kuiona, naomba unitafutie kile kijitabu cha mazishi yake, nikampe Natvarlal anichapie. Nitamsihi asikate upande wa migomba.