Kwenye Simu Yangu Mimi Ndiye wa Kwanza

Kwa Mkuu wa Mtambo wa Kutafuta Mambo Mtandaoni,
Popote ulipo.

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima, ingawa nimekasirika. Mimi ni fundi makochi. Kila asubuhi, kabla sijashika nyundo, naandika kwenye simu "makochi bora", na duka langu linatokea la kwanza. La kwanza, Mkuu! Juu ya viwanda vyote. Ndiyo maana nimekataa katakata kulipia matangazo; aliye kileleni apandishwe wapi tena?

Lakini wateja hawaji. Mke wangu amenipa hadi mwisho wa mwezi: nisipouza, nifunge duka nikafanye kazi chini ya kaka yake, ambaye naye ni fundi makochi, na ambaye huniita "kijana" ilhali nimemzidi umri. Hilo siliwezi. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Binti yangu aliandika maneno yaleyale kwenye simu yake, akatokea shemeji! Mimi nilikuwa ukurasa wa nne, chini ya tangazo la dawa ya kunguni. Nikampa simu yangu ajaribu, nikarudi kileleni. Sasa simu mbovu ni ipi?

2. Binti anasema mtambo wenu humpa kila mtu kile anachopenda kubofya, na kwamba baba yake anajibofya mno. Yaani miaka yote hii mlikuwa mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Imeniuma sana, sikufichi.

3. Nimejaribu mwenyewe kurekebisha kosa lenu. Nilisimama kituo cha basi nikiwaomba wapita njia watafute makochi kwa simu yangu. Mmoja akatoka nayo mbio. Nilimkimbiza hadi sokoni nikimsihi angalau atazame ukurasa wa kwanza. Alipoitupa, alikuwa hajatazama hata kochi moja.

4. Kinyozi wa jirani naye ni wa kwanza kwenye simu yake. Fundi cherehani vilevile. Mtaa mzima tunaongoza, na mtaa mzima tunapiga miayo.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, mfute hayo mambo ya kila mtu na chake. Dunia nzima ionyeshwe ninachokiona mimi. Kama ni vigumu, wahesabuni watu wote kuwa ni mimi. Hata shemeji awe mimi, nitavumilia.

Wasalimie wafanyakazi wako wote, na ile mitambo pia, kama inasalimika.

Wako anayesubiri haki,
Fundi Makochi

Nyongeza: Mkuu, usiguse kitu! Nilikuwa natafuta bahasha, akaingia mama mmoja wa kikundi cha maigizo. Kwenye simu yake shemeji hakutokea kabisa, nilitokea mimi peke yangu. Ameagiza makochi ya jukwaa zima na kulipa palepale. Duka limepona! Nikamuuliza alikuwa akitafuta nini hasa, naye hakunificha: wanaigiza bahili asiyetaka wageni wakae, kwa hiyo wiki nzima amekuwa akitafuta makochi yasiyokalika. Basi kila mtu na aendelee kuonyeshwa chake. Ila nakusihi, Mkuu, mke wangu asionyeshwe kamwe yule mama alinipataje.