Kisogo cha Bwana Harusi

Jumamosi, 5 Oktoba

Watu wa filamu wameingia Ras el-Bar, mji wetu wa pwani. Malori, nyaya, taa, na mwanamke mmoja mfupi mwenye sauti ya king'ora: mwongozaji, Madamu Nihad, kutoka Kairo. Msimu umekwisha, miavuli yangu ya ufukweni imefungwa, sina kazi hadi Juni. Riziki hii! Nimemkodisha miavuli yote kabla hajamaliza chai.

Filamu yenyewe ni kichekesho cha mapenzi. Jamaa anatangaza hali ya hewa redioni. Kampenda binti aliyekuja likizo, na kila asubuhi anatangaza dhoruba njiani ili familia ya binti isiondoke. Jua linawaka, watu wa filamu wanamwaga mvua kwa mpira wa maji. Upuuzi mtupu. Lakini ndani ya upuuzi huo mna tukio la posa, na tukio hilo litarekodiwa sebuleni kwa Haji Metwali. Niliposikia hivyo ilibidi nikae chini.

Haji Metwali ndiye mwenye duka la mishabak, vile vitamu vyetu vya kukaanga. Ndiye baba yake Ibtihal. Nimemposa Ibtihal mara mbili. Mara ya kwanza Haji alisema atafikiri. Mara ya pili alisema ameshafikiri. Eti mwanamume anayeuza kivuli, jua likizama hana kazi. Ibtihal mwenyewe sijamwuliza. Haya ni mambo ya mkakati, humwulizi mtu.

Sasa. Haji huyu ana ugonjwa wake mmoja, nao ni Fatiha. Akishaisoma na mtu juu ya jambo, jambo hilo halirudi nyuma. Aliwahi kusoma Fatiha juu ya mashua, akapanda kuikagua, mguu ukatokea upande wa chini, na bado akaichukua. Iko mbele ya nyumba yake hadi leo, paka wanazalia humo. Na kwenye posa watu hufanya nini? Huinua mikono, wakasoma Fatiha. Nahitaji mambo mawili tu: Haji akae kiti cha baba wa bibi harusi, mimi nikae cha bwana harusi. Mengine atayamaliza Haji mwenyewe kwa ukaidi wake.

Jumapili, 6 Oktoba

Baba amepatikana. Nilimnong'oneza Madamu Nihad kwamba yule mzee aliyemleta kuigiza baba ana uso wa karani wa benki, ilhali mwenye nyumba ana uso wa baba hasa. Akamtazama Haji, akapiga makofi. Haji akakataa katakata, yeye ni mtu wa heshima, hachezi michezo. Baada ya muda nikamwona anapiga pasi kanzu.

Tatizo ni bwana harusi. Mwigizaji mkuu ni kijana mwenye nyusi zilizochongwa. Nikamwalika kula fesikhi, samaki wetu wa chumvi ambaye harufu yake hufika mtaa wa pili kabla yake, nikijua tumbo la Kairo halitamhimili. Alikula watatu. Akaomba vitunguu. Akaniita kaka. Aliyeshinda chooni ni mimi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepona, na bahati yangu imepona pia. Kijana wa nyusi aligoma jana. Tukio la Fatiha litarekodiwa kwa nyuma, kamera mgongoni kwa bwana harusi, naye anasema kisogo chake hakimo kwenye mkataba. Madamu akatangaza pale pale kwamba leo atachagua kisogo kingine. Kisogo chenye mapenzi, alisema.

Tukajitokeza wawili. Mimi na Wagdi, mkodishaji baiskeli, ambaye kila alasiri hununua mishabak kwa Ibtihal na huku mji mzima unajua jino lake bovu. Namshuku zamani. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Jana hiyo hiyo nilimsifia Wagdi kinyozi wangu, kisha nikamwambia kinyozi kwamba Wagdi ana chawa ila anaona haya kusema. Leo kaja na kichwa kama balungi! Madamu akamzungusha, akamshukuru. Changu akakitazama kitambo. Akasema hiki ni kisogo cha mtu aliyekataliwa na bado hajajua. Sikuelewa, ila kazi nimepata.

Wagdi amepewa mpira wa maji. Atasimama nje, chini ya dirisha la jikoni, kumwaga mvua. Inamfaa.

Jumatano, 9 Oktoba

Ibtihal ndiye atakayebeba sinia ya sharbati, kinywaji chetu cha posa. Nimelishughulikia mwenyewe. Nilimwambia Madamu kwamba mwigizaji wake akimwaga tone moja juu ya viti vya dhahabu vya Haji, vile vinavyofunikwa shuka mwaka mzima, filamu imekwisha. Akaogopa. Ibtihal akakubali, tena akaniuliza kama tumbo limepoa. Ameuliza tumbo langu! Mwanamke haulizi tumbo la mtu asiyempenda.

Kuna kikwazo kimoja, dada yake Haji. Mwalimu mstaafu, alifundisha michezo na kuogelea shule ya wasichana, na mji mzima bado tunamwita Abla Dawlat kama wanafunzi wake. Hakuolewa. Anakaa ghorofa ya juu na hakuna kinachompita. Amenikuta ngazini, akataka kujua mtu wa miavuli anahangaikia nini sharbati. Nikamwambia ni sanaa.

"Haya, Sherbini," akasema. "Sanaa."

Akapanda ngazi zote anacheka. Ana kicheko kizuri, lakini si wakati wake.

Tundu moja lilikuwa limebaki, nimeliziba. Fatiha ya filamu ni ya bibi harusi wa filamu, Haji anaweza kuchomokea hapo. Kwa hiyo kabla mikono haijainuka nitamwinamia na kumnong'oneza ili nia iwe ya kweli. Kamera iko nyuma, midomo yangu haitaonekana. Nani mwingine angewaza hivi?

Alhamisi, 10 Oktoba

Niandike polepole.

Madamu aliniamuru nisiinue kichwa hata nyumba ikiungua, kwa sababu kisogo kikiinama kinatia huruma. Nikainama. Nje mvua ya mpira inapiga dirisha. Nikaona viatu vya kike vinakuja juu ya zulia. Nikaona mikono inaweka glasi mbele yangu, hata tone halikumwagika. Haji akamaliza maneno yake ya filamu. Nikamwinamia.

Nikamnong'oneza kwamba wallahi mimi sichezi. Nia yangu ni ya kweli, kwa huyu huyu aliyetuletea sharbati.

Haji akaniuliza chini chini kama nina hakika. Nikamjibu kwamba sijawahi kuwa na hakika hivi tangu nizaliwe. Mzee machozi yakamtoka! Akainua mikono, akasoma Fatiha kwa sauti iliyowafanya watu wa taa wavue kofia. Tukaitikia amina. Madamu Nihad akawa analia, akasahau kusema kata. Vigelegele vikalipuka mlangoni. Nikainua kichwa kama mfalme.

Abla Dawlat. Gauni la samawati, kitambaa kipya, sinia mkononi. Ananitazama, hacheki.

Ibtihal alikuwa nje kwenye mvua, anamshikia Wagdi mwavuli. Mwavuli wangu. Kumbe mpira ulikuwa unamrudishia Wagdi maji ya baridi kichwani, na kichwa hakina hata unywele, basi Ibtihal kachungulia dirishani, kaingiwa na huruma, kampa shangazi yake sinia na kutoka mbio.

Haji akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema kumbe miaka yote hii nilikuwa nabisha mlango wa binti kwa kuona haya kubisha wa dada. Akasema alinidhulumu. Akanibusu paji la uso. Ningesema nini mimi? Ningesema ukweli, ndiyo, lakini watu walikuwa wengi na wote wamefurahi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya swala mji mzima umenipa mkono. Wagdi naye. Huyu hakuwa na mpango wowote, nimechunguza. Alimwuliza Ibtihal pale pale chini ya mwavuli kama atamkubali. Ibtihal akasema kamwone baba. Akaenda kumwona baba vile vile alivyolowa, na Haji, kwa kuwa viti vilikuwa vimeshafunuliwa, akasoma Fatiha ya pili. Basi. Nimekaa natafuta hila iko wapi, siioni.

Imeniuma. Nilikwenda ufukweni, nyuma ya rundo la viti, nikalia.

Abla Dawlat akanikuta huko huko. Hakuuliza macho yana nini. Akavuta kiti, akafunua sufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, tukala. Nikamsimulia yule mteja aliyelala mpaka jua likazama, kisha akataka arudishiwe fedha kwa sababu alipoamka hakukuta kivuli. Alicheka mpaka akashika mbavu. Watu wengi kisa hicho hawakicheki. Akanionyesha kwa nini mwavuli wangu mkubwa hulala upande mmoja: nauchimbia kwa kuuinamisha kufuata upepo, miaka yote hii. Tulikaa, tukaongea, nikashtukia adhana ya magharibi. Sijui muda ulikwenda wapi.

Kisha akasema anajua sharbati ilikuwa ya nani. Alijua tangu ngazini. Alipopewa sinia alidhani ni mambo ya filamu tu, mpaka alipomwona kaka yake analia.

"Sikulaumu," akasema. "Nataka neno moja tu, Sherbini. Unataka au hutaki. Lolote utakalosema, sikasiriki."

Akangoja. Nikafungua mdomo. Nikamwambia kwamba suala hili lina pande nyingi.

Akafunika sufuria yake, akasema ataongea na kaka yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niko huru! Abla amemwambia Haji kwamba yeye ndiye amekataa, na kwamba Fatiha haimfungi mwanamke ambaye hakuna aliyemwuliza. Haji amenipa pole kama mfiwa. Yamekwisha vizuri kuliko nilivyopanga.

Mchana nimekula mkate na jibini ufukweni, peke yangu. Nikauchimbia mwavuli kama alivyonionyesha. Umesimama wima. Nikautazama umesimama wima, na ghafla nikapandwa na hasira. Amenikataa? Mimi? Kwa kosa gani?

Sikumaliza mkate. Nikaenda dukani, nikamkuta Abla anamsaidia Ibtihal kupima mishabak. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, kwamba mwanamume fulani akitaka kumpata mwanamke fulani aliyekwisha kumkataa, angefanyaje. Hakugeuka. Mkono wake ulisita juu ya mizani.

"Angeuliza tu," akasema.

Akangoja tena, kama jana. Nikamshukuru, nikanunua mishabak, nikatoka.

Kuuliza tu! Hizo ni njia za kina Wagdi. Abla Dawlat ni mwanamke mwenye akili, anastahili mpango. Nimeshamwona Madamu Nihad. Jumatatu wanarekodi tukio la mapenzi ndani ya boti ya kukanyaga pedali yenye umbo la bata, katikati ya maji, na wanahitaji kisogo. Abla amealikwa kutazama. Nimemwekea kiti mbele kabisa, miguu karibu kulowa. Mwanamke huyu amefundisha wasichana kuogelea maisha yake yote. Nitaanguka. Ataruka. Na mwanamke hawezi kumkataa mtu aliyemtoa majini kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi kuogelea sijui. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mpango wote.