Lori Lisilotaka Tambarare

Jumapili, 3 Machi

Lori limefika! La jeshi, la dizeli, limestaafu kabla yangu, na magurudumu yake yananifika kifuani. Halina ufunguo. Wanajeshi hawakuwa na muda wa kupekua mifuko: unageuza swichi, unabonyeza kitufe, unaondoka. Fundi amelipaka samawati ili watu wasikimbie wakituona tunakwenda sokoni.

Mke wangu alitoka, akalizunguka, akauliza gari letu dogo liko wapi. Nikamweleza kwa utaratibu. Gari dogo halikuwa kwa fundi kama nilivyosema wiki nzima: nimemuuzia Mstaafu, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu gari dogo ni matumizi na lori ni mtaji. Linabeba watu, linabeba mchanga, linabeba nyumba nzima siku tukihama. Akasema hatuhami. Nikasema ni kweli, lakini siku tukihama.

Mama mkwe, ambaye yuko kwetu kwa ajili ya kliniki ya moyo, alisikiliza kutoka dirishani bila neno. Dalili mbaya.

Jioni Mstaafu akavuka barabara, mpole kama aliyelambishwa asali. Akasema ujirani ni zaidi ya biashara, na kama tumejuta, yuko radhi kutuachia gari letu kwa bei ileile, mwisho Jumapili ijayo. Sijawahi kuona mnunuzi mwenye huruma kiasi hicho. Mke wangu akaidaka ofa hiyo palepale. Lori litupeleke kazini na kuturudisha wiki nzima, na limpeleke mama kliniki. Likikwama, linaondoka na gari dogo linarudi.

"Mara moja tu, baba watoto," akasema. "Sihesabu hadi mbili."

Jumatatu, 4 Machi

Lori halikuwaka. Afadhali mke wangu alikuwa bafuni.

Fundi alikuja na baiskeli yake, akapima betri. Ziko mbili, kwa sababu lori la jeshi haliridhiki na moja. Akasema halina ugonjwa wowote, lina njaa tu: betri zote zimekufa, ninunue mpya. Nikauliza kama kuna njia nyingine. Akasema ipo, kulisukuma. Akalitazama lori, akanitazama mimi, akaanza kukusanya spana zake.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Mimi ni mchoraji wa ramani za mabomba katika ofisi ya maji. Hakuna anayejua miinuko na miteremko ya mji huu kunishinda. Maji yanatoka kwenye tangi la kilimani hadi kwenye sinki lako bila betri hata moja! Lori nalo lina nini? Liegeshe juu, toa kabari chini ya gurudumu, lishuke lenyewe, tia gia ya pili, achia klachi. Dizeli ikishawaka haimwombi mtu umeme.

Nikamsihi dereva wa lori la mchanga alivute letu hadi kilimani, chini ya tangi. Lilipoteremka mara ya kwanza liliwaka kwa kishindo, njiwa wote wakahama tangi. Nikamwambia mke wangu kwamba kuanzia leo lori litalala kule juu, kwenye hewa safi. Akauliza lori linavuta hewa safi kwa ajili gani. Nikasema injini ni kama mapafu.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya mafanikio makubwa.

Mke wangu alipanda kilima na viatu vyake vya kazi mkononi. Mlango wa lori uko juu, kwa hiyo tumetumia stuli ya jikoni. Nimeifunga kamba: akishapanda, anaivuta ndani. Shuleni kwake, ambako anafundisha darasa la tatu, nilimteremsha bila kuzima injini. Watoto wote walitoka madarasani. Akasema hajawahi kuaibika hivyo tangu azaliwe. Nikamwambia hiyo ni heshima, imekuja ghafla tu.

Ofisini kwangu ni tambarare. Nimeegesha kwenye mteremko wa makaburini, nikatembea. Nimefika shati limelowa chapachapa. Mkuu wa idara akauliza kulikoni nina lori zima na bado nakuja kwa miguu. Nikasema daktari ameniagiza. Wakati wa kurudi, mteremko huohuo, gia ya pili, ngurumo. Wafiwa waliokuwa karibu walishtuka, lakini hakuna aliyeamka zaidi ya hao.

Nimechora ramani ya mji mzima kwa rangi mbili: mahali pa kuzima na mahali pa kutozima kamwe. Kliniki ya mama imeangukia kwenye rangi mbaya.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia asubuhi.

Mama mkwe alipanda stuli kwa shida, akakaa mbele, akanyoosha kanga yake. Nilitarajia lawama. Badala yake, tulipoingia mtaa wa wenye nyumba zao, akainua shingo. Kutoka kwenye kiti cha lori la jeshi unaona juu ya kuta zote. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaniambia niendeshe polepole, barabara si ya kukimbia. Tulipofika mwisho akashusha pumzi.

"Kumbe kuta zote hizi," akasema, "zinaficha ndoo."

Kliniki nikaegesha chini ya dirisha la daktari, nikaacha injini ikiunguruma. Mpango ulikuwa mzuri: mama anapimwa, anatoka, tunaondoka. Vioo vilitetemeka kidogo. Muuguzi akafunga dirisha, likaendelea kutetemeka likiwa limefungwa. Mwishowe daktari mwenyewe akatoka, kipimo shingoni, akauliza kwa adabu kama lile ni langu.

"Mzee, naomba uzime," akasema. "Kwenye kifua cha mama nasikia mioyo miwili, na mmoja una silinda sita."

Ningefanya nini? Kuna foleni ya wagonjwa inanitazama. Nikazima.

Moyo wa mama ni mzima kama wa msichana. Aliyekufa ni lori. Ndugu za wagonjwa walisukuma kwa moyo mmoja, halikusogea hata unene wa kidole. Wagonjwa wa presha walitaka kusaidia, daktari akawakataza mmoja mmoja. Mwishowe trekta la taka likatuvuta kwa kamba hadi barabarani, nikaachia klachi, likawaka. Muda wote huo mama alikuwa ameshapanda kitini na hakukubali kushuka. Alikaa juu, akiwapungia watu mkono.

Njiani nikamwomba kwa unyenyekevu kwamba haya ya kliniki yabaki kliniki. Akafikiri hadi tukapita madaraja yote mawili.

"Mwanangu," akasema, "mdomo wangu si mwepesi kufunguka. Lakini kuufunga nako ni kazi, na kazi ina malipo."

Malipo yake: kila jioni nimzungushe mitaani, polepole, upande wa kuta ndefu. Nimekubali. Tumeelewana kama mama na mwana.

Ijumaa, 8 Machi

Zimebaki siku mbili na mke wangu hajui kitu. Mpango umesimama wima.

Jioni nilimzungusha mama. Tumejua kwamba mwenye geti la nakshi anafuga kuku sebuleni. Tukirudi akataka tupite karibu na ukuta wa Mstaafu. Nikasita, kwa sababu pale ni tambarare, si pa kupunguza mwendo, lakini mkwe ni mkwe. Nikapita kwa gia ya kwanza. Mama aligeuza kichwa, akakigeuza zaidi, akabaki amekigeuza hata ukuta ulipokwisha.

Akauliza kama nilipouza gari dogo lilikuwa na magurudumu. Nikasema ndiyo, yote. Akasema basi limepungukiwa. Limewekwa juu ya mawe, boneti wazi, na injini imelazwa pembeni juu ya gunia kama mgonjwa.

Kumbe! Ameliendesha bila maji hadi limeungua. Bila maji, na anaishi mkabala na mtu wa ofisi ya maji! Ndiyo maana ya huruma yake yote. Anataka kuturudishia maiti kwa bei ya mzima.

Jumapili, 10 Machi

Mstaafu alikuja amevaa shati lililonyooshwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu wiki nzima bila kukwama.

Mama akatangulia. Akasema yote. Yote! Tambarare, trekta, kamba, daktari. Nilimtazama kama anavyotazamwa msaliti, yeye akaomba sukari iongezwe kwenye chai. Mke wangu akasema basi, neno ni neno, lori liondoke. Mstaafu akajifanya kusikitika.

Hapo mama akamgeukia, akamwomba alete gari langoni sasa hivi, tulione likija. Mstaafu akasema kesho. Mama akauliza kesho litakuja kwa miguu yake au litabebwa pamoja na mawe yake. Mstaafu akamaliza chai yake kwa mkupuo, ingawa ilikuwa ya moto, akaaga.

Mke wangu akakusanya vikombe. Namwonea huruma: gari dogo halipo tena, na lori ndilo hili. Mwishowe aliingia chumbani akatoka na akiba yake ya kikundi cha akina mama, ile ya cherehani. Akasema kesho anakwenda mwenyewe kununua betri mbili mpya.

"Ni za lori," akaniambia. "Si za mpango. Na Alhamisi asubuhi nataka liwake hapahapa mlangoni. Kilima sipandi tena."

Nimempa neno langu.

Jumatano, 13 Machi

Betri zilifungwa juzi. Jana nilibonyeza kitufe, lori likawaka. Basi. Hakuna kupima, hakuna hesabu, hakuna kabari. Mtoto yeyote anaweza. Sikulala vizuri.

Nimetafakari kwa utulivu. Zile za kwanza nazo zilikuwa mpya siku moja, na zilikufa. Hizi nazo zitakufa, na akiba ya cherehani itakuwa imekwenda bure. Kilima je? Nani amewahi kusikia kilima kimekufa? Mke wangu hakusema anataka betri. Alisema anataka liwake mlangoni.

Dereva wa lori la mchanga alikuwa akililia betri. Tumebadilishana kiungwana: yeye amechukua zile mbili, mimi nimepata kifusi, safari kwa safari, tangu asubuhi mke wangu alipoondoka. Nimeshindilia kila tabaka kwa maji, kama tunavyofanya kazini. Jioni dereva akalivuta lori hadi juu. Sasa tuna kilima chetu, kutoka dirisha la chumba cha kulala hadi langoni. Mama mkwe ameshapandisha kiti chake huko juu, kando ya lori. Anasema hana haja ya kuzungushwa tena.

Mke wangu amerudi. Amekizunguka kilima, ameingia ndani. Nadhani amefurahi, ila amechoka.

Kesho asubuhi natoa kabari. Mteremko unavuka barabara na kuishia kwenye ukuta wa Mstaafu, lakini nimepiga hesabu vizuri: kabla ya kufika pale, injini itakuwa imeshawaka.