Nyuma ya Mlango wa Upasuaji

Redio ya kinyozi ilikuwa bado haijamaliza kuisoma ile habari, Gundi, fundi viatu wa pale nje, akaitupa chini soli aliyokuwa akiipaka gundi.

"Eti nini? Hebu irudie!"

Redio hairudii, ila Marudio anarudia. Huyo ni mlinzi wa usiku, mchana kutwa yuko kwenye benchi mbele ya kinyozi, na lolote linalosemwa lazima alitamke mara ya pili ndipo litulie.

"Wamesema *Mshono wa Mwisho* ndiyo basi. Tamthilia imekwisha, hakuna msimu mwingine."

"Imekwishaje?" Mama Vocha akatoka kwenye kibanda chake kilichoegemea ukuta wa kinyozi, mkono kichwani. "Nesi wangu kaingizwa kupasuliwa kichwa, Daktari kamfuata na machozi yake, mlango ukafungwa, muziki ukapigwa! Mimi nimekaa nje ya mlango ule wiki nzima kama ndugu wa mgonjwa! Leo ndiyo nakuja kuambiwa nirudi nyumbani?"

"Pole, mama," akasema Gundi. "Mgonjwa wetu sote."

Ndani, Mkasi, kinyozi mwenyewe, alikuwa na kichwa cha karani mmoja mkononi, upande mmoja tayari, upande wa pili bado kichaka. Akasimamisha mashine. Maana yeye alijua nini kilitokea nyuma ya mlango ule. Alikuwa amekiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akakipandisha kwenye ukumbi wa mashabiki mtandaoni kwa jina la kubuni. Tangu siku hiyo hadithi yake ilikuwa na msomaji mmoja tu, na msomaji huyo ni yeye, alipokwenda kuhakikisha kama imepanda. Jamani, inauma! Hata mtu wa kuiponda hajapatikana.

Akatoa shingo nje. "Si kuna zile hadithi za mashabiki? Watu wamejiandikia mwisho wao."

"Zipo kama mchanga," akasema Mama Vocha. "Tatizo ni kuipata yenye maana. Mimi naanzia mwisho. Nikikuta mtu kafa, nafunga. Maiti nimeshachoka nazo kwenye habari."

"Unakula nyama kabla haijaiva!" Gundi akapiga paja. "Mimi nashuka kwenye maoni. Nikikuta watu wanasifu kwa adabu, 'hongera, kazi nzuri', naondoka. Huo ni msiba. Nikikuta mwandishi anatukanwa, anaombewa radi, hapo navua viatu naingia."

"Anavua viatu anaingia," akasema Marudio. "Mimi naangalia yale maneno madogo ya juu. Nani kampenda nani, kuna kifo au hakuna, na kubwa kuliko yote, imekamilika au bado. Isiyokamilika usianze! Kuna mmoja alinifikisha sura ya arobaini, Nesi yuko juu ya paa, kuna upepo, Daktari anapanda ngazi, mwandishi akaaga. Eti ana mitihani. Mpaka leo Nesi yuko juu ya paa, na mvua zimeshanyesha mara mbili!"

Wakacheka mpaka karani naye akacheka, na Mkasi akambana kichwa asije akakatwa sikio.

"Nyie mnahangaika bure," Mama Vocha akasema. "Dawa ni kumpata msomaji mwenye ulimi kama wako. Mimi nina mama mmoja humo, simjui sura, lakini akisema hii tamu, ni tamu kweli. Na mimi nikisifu, kuna watu wananifuata hivyohivyo."

Mkasi akatoa shingo tena. Ni sasa au basi tena. "Kuna moja niliiona... inaitwa *Hadithi*."

Gundi akamtazama kama mtu aliyeletewa kiatu kimoja.

"Hadithi inaitwa *Hadithi*? Huyo mwandishi mwanawe kamwita Mtoto?"

"Maneno ya juu hakujaza," akatangaza Marudio, keshaifungua simuni. "Maoni hakuna hata moja."

"Basi hiyo si mali," Gundi akahitimisha.

Mkasi akarudi ndani mbio, akaugeukia ukuta kama anayesafisha mashine. Vidole vikacheza kwenye simu yake.

"Alaa!" Marudio akapaza sauti. "Oni moja limeingia sasa hivi. 'Nimelia mpaka mashine imezima.'"

"Mashine gani?" akauliza Gundi.

"Hajasema."

"Lete hapa," Mama Vocha akainyakua simu. Akashuka moja kwa moja mpaka chini, kama kawaida yake. "Nesi hajafa! Haya, narudi juu, nawasomea." Akajiweka sawa. "'Daktari alimfunga Nesi kitambaa cheupe shingoni, akakung'uta. Akachana nywele, akazigawa upande wa kushoto. Akamuuliza kwa upole: Nipunguze au nitoe zote?'"

Gundi akainua kichwa.

"'Alianza na nambari mbili, akashuka moja, akamalizia sifuri. Hakuacha hata unywele nyuma ya sikio, kwa sababu hapo ndipo mtu wa ovyo hujulikana...' Jamani, kurasa tatu zote ni kunyolewa tu! Upasuaji huu hapa: 'Kisha akampasua, akapona.'"

Gundi akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. Marudio akajaribu kurudia, "Kisha akam... akam..." akashindwa, kwa mara ya kwanza maishani. Kisha wote kwa pamoja wakageuka kuutazama mlango wa kinyozi.

"Hata mimi umeniuliza hivyohivyo nilipokaa," karani akasema polepole. "Nipunguze au nitoe zote."

Mkasi alitamani ardhi ipasuke, impasue, apone.

"Nyamazeni!" Mama Vocha alikuwa bado anasoma, sauti imebadilika. "'Nesi alipoamka aliomba kioo. Daktari akampa kimoja mbele, akashika cha pili nyuma ya kichwa chake ili auone mshono. Akamwambia: Huku nyuma mtu hajioni mwenyewe hata siku moja. Ndiyo maana mimi nipo.'"

Hakuna aliyecheka. Gundi akapangusa jicho kwa mkono wenye gundi na likanata. Mama Vocha akavuta kamasi, akabonyeza simu yake, akabonyeza tena.

"Nimewatumia wanaonifuata. Nimewaambia kunyoa waruke, kioo wasiruke."

Haikuchukua muda, simu ya Mama Vocha ikaanza kulia kama kuku aliyeona nyoka. Marudio akachungulia, akasoma: "'We mwandishi huna utu! Vioo viwili na busu hakuna? Radi ikupige hukohuko uliko!'"

"Radi?" Mkasi akaruka nje, mashine inanguruma mkononi. "Wamesema radi? Gundi, umesikia? Nimeombewa radi!"

"Hongera, ndugu yangu!" Gundi akamkumbatia, jicho moja limefumba. "Umefika!"

"Kaa hapa uandike busu," Mama Vocha akamvuta kwenye benchi. "Sasa hivi. Watu wanasubiri."

Karani akatokeza mlangoni, kitambaa cheupe shingoni, kichwa nusu kiwanja nusu msitu. "Na mimi je? Saa nane nina kikao na mkurugenzi!"

Marudio akamtazama kwa huruma, juu mpaka chini.

"Tulishasema, bwana karani. Isiyokamilika usianze."